Bingwa Mzee Asirudishwe Ulingoni

Kila bingwa wa ngumi wa uzito wa juu anapostaafu, haupiti muda mrefu kabla ya kusikika sauti zikimwita arudi. Wako wasemao kuwa mwili ni wake na uamuzi ni wake. Wako wasemao kuwa mashabiki bado wana hamu naye. Na wako wasiosema neno hadharani, lakini ndio wanaohesabu fedha za mlangoni. Sisi hatulioni swali hili kuwa la wapenda michezo peke yao. Ni swali la kazi, la ujira na la uzee. Kwa hiyo linamhusu kila mtu anayekula kwa nguvu za mikono yake.

Tuanze na Joe Louis, Mmarekani mweusi aliyeushika ubingwa wa dunia tangu mwaka 1937 hadi alipostaafu mwaka 1949. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, alipigana kwa ajili ya mifuko ya misaada ya jeshi la majini na jeshi la nchi kavu la Marekani. Vita vilipokwisha, idara ya kodi ya nchi hiyo hiyo ilimdai malimbikizo makubwa. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 36, alivaa glovu tena. Hakurudi kwa kuwa alikuwa na kiu ya sifa. Alirudi kwa kuwa mdai alikuwa mlangoni. Ezzard Charles alimshinda kwa pointi. Mwaka uliofuata Rocky Marciano alimwangusha katika raundi ya 8, akatupwa nje ya kamba. Miaka ya mwisho ya uhai wake Louis alikuwa mkaribisha wageni katika hoteli ya Caesars Palace, mjini Las Vegas.

Katika hoteli hiyo hiyo, tarehe 2 Oktoba 1980, alipandishwa ulingoni mzee mwingine. Huyo alikuwa Muhammad Ali. Alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1979, baada ya kuutwaa ubingwa wa dunia mara tatu. Dalili za hatari zilionekana mapema. Daktari wake wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, alijitenga naye mwaka 1977 kwa kuona kuwa mwili unaharibika na ushauri hausikilizwi. Kabla ya pambano la 1980 Ali alipimwa katika hospitali ya Mayo, na ripoti ikataja kasoro ndogo katika uratibu wa viungo vyake. Hata hivyo kibali kilitolewa. Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa mwenzi wake wa mazoezi, alimpiga kwa raundi 10 huku waamuzi wote wakimpa Holmes kila raundi, mpaka Angelo Dundee aliposimamisha pambano. Ali alikuwa ameahidiwa dola milioni 8. Hakulipwa zote, ikabidi afungue kesi kudai salio la zaidi ya dola milioni 1, na mwishowe akakubali kumaliza shauri kwa dola 50,000. Wahenga walisema: punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Sisi Watanzania tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka Ali wa mwaka ule. Mwezi Februari 1980 Rais Carter alimtuma barani Afrika kuzishawishi nchi zetu zisiende kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea, kwani hakuona kuwa mpiga ngumi, hata awe hodari namna gani, ndiye mjumbe wa jambo zito kama lile. Waandishi wa habari walimwuliza Ali kuhusu nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Montreal mwaka 1976 bila kuungwa mkono na Marekani, ikadhihirika kuwa waliomtuma hawakumweleza habari hiyo. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Hatuyakumbushi haya ili kumcheka marehemu. Ali alipendwa Afrika, na tangu ushindi wake wa Kinshasa mwaka 1974 jina lake lilijulikana hadi vijijini. Tunayakumbusha kwa sababu mtu yule yule alitumwa na serikali mwezi Februari bila kuelezwa, na mwezi Oktoba akapandishwa ulingoni na wafanyabiashara bila kulindwa. Mara zote mbili jina lake lilikuwa mali ya wengine. Desemba 1981 alipelekwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kuwa ana ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Wataalamu wamebishana kuhusu chanzo chake, lakini hakuna aliyethubutu kusema kuwa zile raundi za mwisho zilimfaa.

Wanaopinga maoni yetu watamtaja George Foreman. Ni haki wamtaje. Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri mjini Houston, akafungua kituo cha vijana. Fedha za kukiendesha zilipopungua alirudi ulingoni mwaka 1987, na tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuwa bingwa wa dunia. Vitali Klitschko naye alistaafu mwaka 2005, akarudi mwaka 2008 na kuutwaa ubingwa siku ile ile. Hatuyakani haya. Lakini mvuvi mmoja akivuka bahari yenye dhoruba kwa mtumbwi, je, tuwaamuru wavuvi wote waifuate njia yake? Foreman alikaa miaka 10 pasipo kupigwa kichwani, kisha akapanda ngazi polepole, pambano kwa pambano, kwa miaka 7. Louis na Ali hawakupewa nafasi hiyo. Walitolewa kwenye mapumziko na kukabidhiwa moja kwa moja kwa bingwa aliyekuwa katika ubora wake, kwa sababu huko ndiko fedha zilikokuwa.

Wala tusidhani kuwa mambo haya yamepita. Tarehe 15 Novemba 2024, huko Arlington, Texas, Mike Tyson alipandishwa ulingoni akiwa na umri wa miaka 58 kupigana na Jake Paul, kijana wa miaka 27 aliyepata umaarufu kwanza kwa video zake. Pambano lilikuwa limeahirishwa kwa sababu Tyson aliugua vidonda vya tumbo. Lilipofanyika alishindwa kwa pointi, miguu ikiwa mizito na mikono ikirushwa kwa nadra. Kampuni ya Netflix ilitangaza kuwa kaya milioni 60 zilitazama. Wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kisa cha Samsoni, jinsi Wafilisti walivyomtoa gerezani awafurahishe karamuni. Tofauti ni kwamba siku hizi karamu hutozwa kiingilio.

Mwili wa mwanadamu hauna vipuri. Kadiri miaka inavyoongezeka, ubongo hupungua ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu iliyoushikilia hukazika. Pigo ambalo kijana angelistahimili laweza kuikata na kumwaga damu kichwani kwa mtu mzima. Macho huchelewa kuona ngumi ikija, na miguu huchelewa kuikwepa. Dereva wa gari la abiria hatakiwi kuendesha macho yake yakiwa yameharibika, hata kama anasema ataweza. Kwa nini basi mpiga ngumi aachiwe neno lake peke yake, hali analisema akiwa na deni shingoni?

Kwa hiyo sisi twasema hivi. Kwanza, bingwa aliyestaafu asirudi ulingoni mpaka apimwe na madaktari wasiolipwa na mwandaaji wa pambano, na neno lao liwe la mwisho. Pili, sehemu ya mapato ya kila pambano kubwa iwekwe akiba kwa ajili ya uzee wa mpiganaji, kabla mapromota na mawakala hawajagawana. Tatu, hapa nyumbani tusisubiri mpaka tupate bingwa wa dunia wa uzito wa juu ndipo tuanze kufikiri. Vijana wetu wanapigana kila mwezi katika kumbi za miji yetu, wengi wao bila akiba yoyote. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hupokea wanachama wa hiari wasio na mwajiri. Vilabu vya ngumi na viongozi wa michezo wana wajibu wa kuwaandikisha vijana hao leo, wakiwa bado na nguvu.

Gene Tunney aliacha ngumi mwaka 1928 akiwa bingwa, Rocky Marciano mwaka 1956 akiwa hajashindwa hata mara moja katika mapambano 49, na Lennox Lewis mwaka 2004. Wote waliitwa warudi ama walitamaniwa warudi, na hakuna aliyerudi. Heshima yao haikupungua. Mfanyakazi aliyelitumikia taifa kwa miaka 30 hatumwiti tena kubeba magunia bandarini ili tuone kama bado ana mabega. Twampa kiinua mgongo chake na twamsalimu kwa heshima. Mpiga ngumi naye ni mfanyakazi. Anayempenda kweli bingwa wa jana asinunue tiketi ya kumwona akipigwa kesho.