Mbrazil aliondoka, Mrundi akaja kufunga

NG'AMBO HII
Na Hamisi Nduwayo

Jumapili jioni pale Kabonga, hatua chache tu kabla ya kuingia Tanzania, niliwakuta watoto wamesimika makasia mawili mchangani yawe goli. Mmoja anamimina krosi kutoka upande wa ziwa. Mwenzake, hata miaka kumi na miwili hajafika, amesimama karibu na goli katulia kana kwamba mpira haumhusu. Krosi ilipokuja alipiga hatua moja, akamtangulia beki, akaugonga mpira kwa kichwa kuelekea chini. Wenzake wakapaza sauti: "Tambwe!"

Mshambuliaji wetu Mrundi, Amissi Tambwe, alipokuwa anatikisa nyavu za Dar es Salaam, mtoto huyu alikuwa mgongoni kwa mama yake. Jina limemfikia kupitia redio na wakubwa wanaovuka kwenda Kigoma na kurudi. Nami nalitetea jina hilo, kwa sababu siku hizi nasikia watu wazima wakimwita mchezaji wa kuhamahama, kana kwamba kuhama ni aibu.

Tukumbuke 2014. Yanga, chini ya kocha Mbrazil Marcio Maximo, ilimleta mshambuliaji Mbrazil, Jaja. Septemba akaifunga Azam mawili kwenye Ngao ya Jamii, mji ukalipuka. Mwaka haujaisha, Jaja kesharudi kwao. Simlaumu; ugeni ni mgumu, na Mbrazil husubiriwa kwa macho makali kuliko mgeni mwingine yeyote. Desemba hiyohiyo Simba wakamwacha Tambwe, Yanga wakamchukua.

Simba walimwacha mtu gani? Aliyebeba Kombe la Kagame na Vital'O ya kwetu Burundi kule Sudan mwaka 2013, akaenda Simba na kuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa kwanza tu, magoli 19. Akiwa Yanga, msimu wa 2015/16, akawa mfungaji bora tena, magoli 21. Septemba 26, 2015 aliwafunga Simba wenyewe, Yanga ikashinda 2-0. Februari iliyofuata akawafunga tena, matokeo yaleyale. Baadaye akaenda Fanja ya Oman.

Kufunga ukiwa Simba, kisha ukavuka mtaa ukafunga ukiwa Yanga, mashabiki wa pande zote mbili wakikuhesabia kila mpira unaoupoteza: hiyo ni kazi ya moyo mgumu. Kila timu ina kocha wake, winga wake, namna yake ya kupiga krosi. Anayehama hujifunza yote upya, na hapewi muda wa kujifunza.

Na sisi Warundi tungefika wapi bila wahamaji? Machi 23, 2019, dhidi ya Gabon pale Bujumbura, goli letu lilifungwa na Cédric Amissi, aliyekwisha kucheza Msumbiji, Ureno na Saudi Arabia. Sare ile ya 1-1 ilitupeleka AFCON kwa mara ya kwanza.

Ombi langu kwa viongozi wa soka letu ni dogo. Wanapostaafu watu hawa, waiteni Rumonge, Nyanza-Lac, hadi huku Kabonga, muwalipe posho ya heshima, wakae na watoto wiki nzima. Yule mtoto wa makasia hatua ile anayo tayari. Ila anafumba macho mpira unapofika, na hapa hakuna wa kumwambia afumbue.