Baga Jikoni Kwetu: Tusiwacheke Watoto



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, shukrani zote ni za Allaah (S.W.T.) aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatukataza vilivyo vibaya. Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni baga. Ndiyo, baga: ule mkate wa duara wenye nyama ya kusaga katikati, ambao vijana wetu wanauona kwenye simu, na wakifika Mbarara wanautafuta. Hapa Nakivale tumewasikia wazee wakisema kuwa hicho ni chakula cha makafiri, na tumewasikia vijana wakijibu kuwa wazee hawajui kitu. Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea, na sababu tutaieleza kwa kisa kilichotokea nyumbani kwetu.

Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa mwaka 2025. Mwezi wa Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda, kwa sababu ya uhaba wa fedha. Nyumba nyingi zikaanza kula mara moja kwa siku. Katika hali hiyo, mwanzoni mwa mwezi wa Juni, ikaingia Idi ya kuchinja. Alhamdulillaah, nasi tulipata fungu letu la udh-hiya, kama kilo mbili za nyama ya ng'ombe. Mwanetu wa kwanza, ambaye anasoma Mbarara, alikuwa amekuja kusherehekea nasi.

Wadogo zake walipoiona ile nyama wakaruka: "Kaka, tutengenezee baga kama zile ulizotuhadithia!" Shangazi yao akasema, "Nyama ya ibada hii, mnataka kuigeuza ya sinema?" Watu wote wakacheka. Na sisi wazazi, tunakiri, tulicheka kuliko wote. Kijana hakucheka. Alichukua shoka akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni.

Mama yake alimfuata. Akamuuliza, "Baba, kuna nini?" Ndipo akasema lililokuwa moyoni mwake tangu muhula uliopita. Siku moja wenzake wa darasani walimwalika kula baga mjini. Alipofika akaona kwenye bamba lile lile la kukaangia kunageuzwa nyama yake na nyama ya nguruwe, kwa mwiko mmoja na mafuta yale yale. Alitaka kukataa, lakini aliona haya. Wenzake walikuwa wamemlipia, naye hakutaka kuonekana mkimbizi mshamba na Muislamu mwenye matatizo. Akala. Usiku hakulala.

"Kwa nini hukutuambia, mwanangu?" mama yake akamuuliza.

"Mama, nyumbani nikitaja tu neno baga, mnanicheka. Hilo ningelianzia wapi?"

Ndugu msomaji, jibu hilo lilitukata maini. Tulikuwa tunadhani kwa kucheka tunalinda dini na mila. Kumbe tulikuwa tumefunga mlango ambao mtoto angepita kuja kutuambia shida yake. Kijana hakuangushwa na baga. Aliangushwa na haya mbili: haya mbele ya wenzake, na haya mbele yetu sisi. Ile ya kwanza ni vigumu kuiondoa. Ya pili iko mikononi mwetu.

Basi tuanze na hoja ya wazee wetu, kwa heshima zote. Wanasema baga ni ya Wazungu na sisi tumekatazwa kujifananisha nao. Tulivyofundishwa na masheikh wetu, kujifananisha kunakokatazwa ni katika yale yaliyo alama ya dini yao au tabia zao mbaya. Chakula cha halali hakina pasipoti. Tukitaka kukataa kila chakula kilichotoka ng'ambo, sinia zetu zitabaki tupu. Sombe wanayoipenda ndugu zetu Wakongomani ni majani ya muhogo, na muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi ya posho yametoka Amerika. Nyanya ya kachumbari imetoka huko huko. Viazi tunavyoviita viazi ulaya havikuanzia Ulaya hata kidogo, vilianza kulimwa kwenye milima ya Peru. Chapati tumeipata kwa Wahindi, na hapa Uganda ikaviringishwa na mayai ikaitwa rolex, na leo hakuna Mganda atakayekubali umwambie kuwa rolex si yake.

Na nyama ya kusaga yenyewe, je, ni ngeni kwetu? Ndugu zetu wa pwani wanakaanga kababu tangu zama za mababu. Wasomali hapa Nakivale wanaijaza kwenye sambusa kila Ramadhani. Waarabu wana kofta. Weka kababu bapa ndani ya mkate, utapata baga. Kuna hata wanaoliogopa jina, kwa kuwa kwa Kiingereza "hamburger" huanza na neno lenye maana ya paja la nguruwe. Jina hilo linatokana na mji wa Hamburg ulioko Ujerumani, na baga ya kawaida ni nyama ya ng'ombe.

Na wapi penye ng'ombe kama kwetu? Tumezungukwa na nchi ya Ankole, ng'ombe wake wenye pembe ndefu wanajulikana dunia nzima. Tena hapa Uganda ni desturi ya miaka mingi kwamba ng'ombe wa buchani huchinjwa na Muislamu, hata kama wanunuzi wengi ni Wakristo. Kwa hiyo nyama tunayo, na ya halali.

Sasa tuwageukie vijana. Nyinyi mnasema wazee hawajui kitu. Lakini wazee wamenusa jambo la kweli, ila wamelipa jina lisilo lake. Baga ya mjini ina mitihani yake. Wa kwanza ni huo wa bamba la kukaangia. Nyama inaweza kuwa imechinjwa vizuri kabisa, kisha ikaharibiwa na mafuta yaliyokaanga nguruwe. Kuuliza si ushamba. Uliza kabla hujaagiza, tena kwa sauti ya kawaida: "Hapa mnapika nguruwe? Mnatumia kikaangio kimoja?" Mwenye mkahawa ameshazoea maswali, na wenzako wa kweli watakuheshimu. Ukijibiwa kwa mashaka, kunywa chai yako, mle wote mazungumzo.

Mtihani wa pili ni fedha. Mwanetu alipotutajia bei ya baga moja na soda yake, tulihesabu tukaona inatosha kununua nusu kilo ya nyama na mikate ya nyumba nzima. Mtihani wa tatu, na huu ndio unaotutia hofu zaidi, ni kuwa baga imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kila mtu na yake, kila mtu na karatasi yake, kila mtu na simu yake. Sisi tumelelewa kwenye sinia. Kwenye sinia ndipo mtoto hujifunza kusema Bismillaah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto. Ukila peke yako, nani atakufundisha kuacha kipande kizuri kwa mdogo wako?

Ndiyo maana mchana ule wa Idi tuliamua kuipika wenyewe. Tuligawa nyama. Fungu moja lilikwenda kwa majirani, fungu la pili likaingia kwenye sufuria ya mchuzi, na nusu kilo tukaiweka pembeni kwa ajili ya baga. Jirani yetu Msomali akatuazima mashine yake ya mkono ya kusagia nyama za sambusa. Asiye na mashine anaweza kukatakata kwa visu viwili mpaka nyama ilainike, ni kazi ya nusu saa.

Kwa wanaotaka kujaribu, tulifanya hivi. Nyama nusu kilo tuliichanganya na viazi vitatu vilivyochemshwa na kupondwa, kipande cha mkate mkavu kilichorowekwa na kukamuliwa, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo sana, punje mbili za kitunguu saumu, yai moja, chumvi na pilipili manga. Asiye na yai aongeze kiazi. Tukakanda, tukafanya madonge kumi, tukayabapa kuwa mapana kidogo kuliko mkate, kwa sababu nyama hujikunja ikiiva. Tukakaanga kwa mafuta kidogo juu ya sigiri yenye moto wa wastani. Mikate midogo ya duara tulinunua kwa Mkongomani anayeoka hapa hapa. Juu tukaweka kachumbari na kabichi iliyokatwa nyembamba. Hatukuwa na jibini wala mayonezi, na hakuna aliyeuliza.

Hapa tunawasihi kina mama na kina dada jambo moja la afya. Nyama ya kusaga si kama nyama ya vipande. Kwenye kipande, vijidudu vingi hukaa juu, na moto huviua haraka. Ukishasaga, vya juu vinaingia ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watoto wanne walifariki na mamia ya watu waliugua kwa kula baga ambazo hazikuiva. Kwa hiyo kata donge moja katikati uangalie. Ukiona wekundu, au maji yanayotoka yana rangi ya damu, rudisha motoni. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna friji, nunua asubuhi, saga na upike siku hiyo hiyo, usilaze nyama mbichi iliyosagwa. Osha mikono na ubao kabla ya kugusa kachumbari.

Zilipoiva, baga kumi, sisi nyumbani tulikuwa tisa. Lakini harufu ya nyama haina ukuta. Watoto wa majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio, sita au saba, kimya. Sote tunajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr, ya kuongeza maji kwenye mchuzi ili jirani apate. Baga huwezi kuiongeza maji. Ila unaweza kuikata. Kijana wetu akachukua kisu, akakata zote vipande vinne vinne, akazipanga kwenye sinia moja kubwa, akawaita watoto waje mkekani. Vipande arobaini. Yule shangazi aliyesema habari za sinema alikula vitatu, kisha akauliza kama bizari haikusahauliwa. Tangu siku hiyo tunatia bizari.

Huenda msomaji akatuuliza: je, ni haki kuzungumzia baga wakati kuna nyumba hazina hata unga? Swali hili ni la haki, na sisi wenyewe tulijiuliza. Hatumwambii mtu akope ili watoto wake wale baga, wala hatusemi ipikwe kila wiki. Allaah ametuamrisha tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na mwenye deni la ada alipe ada kwanza. Tunachosema ni kwamba siku Allaah anapokuruzuku nusu kilo ya nyama, iwe Idi, iwe mtoto kafaulu mtihani, nusu kilo hiyo ikisagwa na kuchanganywa na viazi inaonjwa na watu wengi kuliko ikikatwa vipande vya mchuzi. Na mtoto wa mkimbizi naye ana haki ya kupata siku moja ya furaha asiyoiomba kwa mtu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Wazazi, mtoto akikuambia anatamani baga, usimcheke na usimtishe na moto. Muulize ameila wapi, na nani, na ilipikwaje. Huenda yapo mengine anayotaka kukuambia, na baga ni mlango tu. Kisha siku ikipatikana nyama, mwite jikoni, wavulana kwa wasichana, apike yeye. Wanafunzi mlioko Mbarara, changeni mkapike vyumbani mwenu siku ya mapumziko, mwalikeni na yule mwenzenu asiye Muislamu aliyewahi kukulipia. Atakula halali yenu na atajua kwa nini huwa mnauliza.

Mwanetu amerudi masomoni. Juzi alipiga simu kusema kuwa wenzake walimwalika tena mjini. Aliuliza kuhusu kikaangio, akajibiwa kuwa ni kimoja, akaagiza chai. Wenzake wawili nao wakaagiza chai. Tulimuuliza kama waliona haya. Akasema, "Hapana, Mama. Wameniuliza lini nitawapikia ya kwetu."

Tunamuomba Allaah (S.W.T.) atulishe halali, aibariki kidogo yetu, awahifadhi watoto wetu popote walipo, na atujaalie nyumba ambazo mtoto haoni haya kusema lililomo moyoni mwake. Aamiyn.