Timu ya Shule Hufa Kila Mwaka

NJE YA CHAKI
Na Zuhura Mhina

Klabu ina wanachama, ina mashabiki wa kurithi, ina jengo lenye jina lake. Timu ya shule haina hata kimoja katika hivyo. Kila mwisho wa mwaka beki wa kati anamaliza mtihani, anafunga tranka lake na kupanda basi. Kipa anamfuata. Shule zikifunguliwa, mwalimu wa michezo anasimama mbele ya watoto ambao hawajawahi kucheza pamoja hata chandimu, na anatakiwa awaambie kwamba hii ndiyo ile timu iliyofika fainali. Ndiyo ile kwa jezi tu.

Kwa hiyo ninapotaka kujua historia ya timu ya shule, mfungaji bora hanishughulishi sana. Nauliza nani alibaki wachezaji walipoondoka.

Timu iliyonifundisha kuuliza hivyo iko mbali na hapa: Lewiston High School, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Mji wenyewe una watu wapatao 37,000, uko kando ya mto Androscoggin, na ulijengwa na viwanda vya nguo vilivyoajiri maelfu ya Wakanada wenye kuzungumza Kifaransa. Viwanda vikafa, nyumba za kupanga zikabaki tupu. Wazee wa ngumi wanaujua mji huo kwa jambo moja: Mei 25, 1965, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston pale katika raundi ya kwanza, kwa ngumi ambayo mpaka leo watu wanabishana kama kweli ilimpata. Walioingia ukumbini walihesabiwa 2,434. Ni mji wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mpira wa miguu, kwa miaka mingi, ulikuwa mchezo wa pembeni.

Mwaka 2001 familia za Kisomali zilianza kuhamia. Marekani ilikuwa imezipeleka kwanza kwenye miji mikubwa. Wenyewe wakatafuta penye kodi nafuu na shule tulivu, wakazikuta zile nyumba tupu. Wakaja kwa mamia, kisha kwa maelfu. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliwaandikia barua ya wazi wazee wa Kisomali akiwaomba wapunguze kasi ya kuwaita ndugu zao, mji umeelemewa. Januari 2003 kundi la wabaguzi wa rangi likaja kufanya mkutano wake. Wakatokea watu wachache sana, huku zaidi ya 4,000 wakikusanyika upande wa pili wa mji, katika chuo cha Bates, kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2006 mtu akavingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti.

Watoto wa familia hizo walikuwa darasani, na mchana walikuwa uwanjani.

Walimkuta kocha akiwa tayari na umri wake katika kazi. Mike McGraw alikuwa ameifundisha timu hiyo tangu miaka ya 1980, kizazi baada ya kizazi cha vijana wa Kizungu wenye majina ya Kifaransa, bila kombe la jimbo. Sasa anapata vijana wanaomiliki mpira kwa namna ambayo hakuwafundisha yeye, wanaoelekezana uwanjani kwa lugha asiyoijua, na ambao baba zao hawaoni kwa nini mtoto acheze mpira ilhali ana masomo na madrasa. Msimu wa shule kule ni mfupi, Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba kabla theluji haijaanza, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2003 Ramadhani iliangukia humo humo. Kocha aliyezoea kupanga mazoezi kwa saa ya ukutani ikambidi alijue na jua la magharibi.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huruka. Wanatoka kwenye barua ya meya, wanatua kwenye kombe la 2015, katikati wanaweka neno muujiza. Mimi naona katikati ndiko kwenye kazi. Kuna misimu kumi na zaidi ambayo timu ile ilicheza, ikashinda mechi nyingi, ikatolewa, na wachezaji wake wakamaliza shule bila medali ya ubingwa na kwenda kufanya kazi maghalani. Hao ndio waliowaonyesha wadogo zao kwamba timu ile ni yao pia. Bila wao, mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akitazama kutoka nyuma ya uzio mwaka 2008 asingekuwa winga wa mwaka 2015.

Kisha kuna 2014. Mwaka huo Lewiston walifika fainali ya jimbo na wakafungwa na Cheverus, shule ya Kikatoliki ya mji wa Portland. Nikiulizwa msimu muhimu kuliko wote katika historia ya timu hiyo, nitataja huo. Fainali uliyopoteza ukiwa na wachezaji wa mwaka wa tatu ni mtaji, ila kwa sharti moja: mwakani wamkute kocha yule yule, anayekumbuka nani aliishiwa pumzi na nani aliacha kumkaba mtu wake.

Walimkuta. Msimu wa 2015 hawakupoteza mechi hata moja. Walifunga mabao 113, wakafungwa 7. Fainali ilichezwa Novemba 7 katika uwanja wa Fitzpatrick, Portland, dhidi ya Scarborough, shule ya mji wenye nafasi, na watazamaji walizidi 4,000, umati ambao Ali na Liston hawakuupata. Bao lilikuwa moja tu. Lewiston walikuwa na kijana aitwaye Maulid Abdow ambaye kurusha mpira kwake ni sarakasi: anakuja mbio ameushika kwa mikono miwili, anaukita chini, anapinduka juu yake miguu hewani, na anapotua anauachia kwa nguvu ya mwili mzima. Mpira wa kurusha unageuka kona. Sheria hairuhusu bao la moja kwa moja kwa mrusho. Lazima mtu auguse. Abdi Shariff-Hassan akaugusa. Kombe la kwanza, baada ya McGraw kukaa kwenye benchi lile zaidi ya miaka 30.

Kabla ya mechi vijana hao walikuwa na desturi ya kukusanyika, kunyoosha mikono juu na kupiga ukelele: "Pamoja ndugu!" Kwa Kiswahili, ndiyo. Mwandishi Amy Bass, aliyeandika kitabu kizima juu ya timu hiyo kiitwacho One Goal, anausimulia, na ndiyo sehemu ya kisa ambayo huku kwetu inapendwa kuliko zote. Watu wanatumiana: tazama Kiswahili kilikofika!

Mimi siwezi kushangilia haraka hivyo. Kiswahili kile hakikupelekwa Maine na balozi wala na chama cha lugha. Kilitoka Dadaab na Kakuma, kambi za Kenya zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako mtoto wa Kisomali alizaliwa kwenye hema, akasoma mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwa somo la ratiba, akacheza mpira pekupeku kwenye mchanga wa kambini, akingoja jina la baba yake libandikwe ubaoni. Wapo waliongoja miaka 10, wapo waliongoja 20. Lugha waliyoipata humo ni yao kwa haki, na wakiitumia kuifunga Scarborough ni hiari yao. Sisi majirani tuliowaona wakipita hatuna medali ya kudai hapo.

Na kama tunataka undugu wa kweli kweli, upo, ila hausimuliwi. Miongoni mwa Wabantu wa Kisomali waliopelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na baadhi yao wakajikuta Lewiston, wamo wanaozungumza Kizigua. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka bara ya Tanga, wakapitishwa baharini hadi pwani ya Wasomali, wakalimishwa bonde la mto Juba. Wenzao waliokimbia vita wakarudi huku wako Chogo, wilayani Handeni, na walipewa uraia wa Tanzania. Mtu wa Handeni akienda Lewiston leo anaweza kuamkiwa kwa lugha ya bibi yake.

Turudi mpirani. Kuna jambo la karatasi ambalo kila mwalimu wa michezo wa Afrika Mashariki atalielewa bila maelezo. Timu ya shule ikianza kushinda sana, wapinzani hawaulizi inafanya mazoezi saa ngapi, wanauliza vyeti. Mamluki! Neno hilo limevunja mechi nyingi za UMISSETA, mashindano yetu ya shule za sekondari Tanzania, kuliko mvua. Lewiston nao walinong'onwa hivyo hivyo, kwamba wale ni watu wazima. Na chanzo cha minong'ono kilikuwa kwenye fomu: katika makaratasi ya wakimbizi, asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari 1, kwa hiyo timu moja inaweza kuwa na wachezaji kadhaa wenye siku moja ya kuzaliwa, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji ushahidi mwingine. Shule za Marekani zina mpaka wa umri na mpaka wa mihula: minane tangu uingie sekondari, basi. Aliyeanza shule kwa kuchelewa kwa sababu ya vita mihula yake inahesabika kama ya mwingine. Jibu pekee la kocha ni jalada lililo sawa kwa kila mchezaji, kabla hajaulizwa. Halina utamu wa kusimulia, lakini timu nyingi zetu zimepokwa ushindi kwa kukosa hilo tu.

Ukisoma hadithi za namna hii mwisho wake huwa mji mzima umekumbatiana. Kwa Lewiston hebu tuangalie kalenda. Meya wa 2015 alikuwa Robert Macdonald, yule aliyewahi kuiambia BBC mwaka 2012 kwamba wageni wauache utamaduni wao mlangoni. Septemba 2015, vijana wakiwa katikati ya msimu wa mabao 113, alipendekeza majina ya watu wanaopokea msaada wa serikali yatangazwe mtandaoni. Kombe lilikuja Novemba 7. Desemba mji ukapiga kura ya marudio na Macdonald akashinda tena, kwa tofauti ndogo. Waliokuwa jukwaani wakiimba majina ya Maulid na Abdi ni wakazi wa mji huo huo. Mpira haukubadilisha kura zao, au haukubadilisha za kutosha, na sioni kwa nini watoto wa miaka 17 watwishwe kazi hiyo.

Kilichobadilika ni timu yenyewe. Wakalichukua kombe tena 2017 na 2018. McGraw alipoondoka, benchi lilimwendea Dan Gish, aliyekuwa msaidizi wake, mtu aliyekuwepo siku ya Cheverus na siku ya Scarborough. Oktoba 25, 2023, mtu mwenye bunduki aliua watu 18 mjini Lewiston, katika ukumbi wa kuchezea bowling na kwenye baa, na mji ukafungiwa ndani akitafutwa. Siku chache baadaye timu ya shule ilirudi uwanjani kuendelea na mtoano, na mwezi uliofuata ikawa bingwa wa jimbo. Kikosi hicho hakikuwa na mchezaji hata mmoja wa 2015. Watu wa pembeni ya uwanja ndio waliokuwa wale wale.

Huku kwetu, miaka ile ile ya mwanzo wa 2000 ambayo Lewiston ilikuwa inapokea vijana wake wa kwanza wa Kisomali, sisi tulisimamisha UMISSETA na mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa hoja kwamba michezo inawapotezea watoto masomo. Ilipita miaka kadhaa kabla mashindano hayajarudi. Kizazi kizima cha sekondari kilipita bila kujua fainali ya mkoa ikoje. Mashindano yamerudi, tunaenda Mtwara, tunaenda Tabora, lakini uzi uliokatika haukuunganishwa. Wakenya afadhali: mtu wa Kakamega bado atakuhesabia enzi za Green Commandos, timu ya Kakamega High School, na kocha Chris Makokha mpaka chai ipoe. Waganda wanawajua wa shule ya St Mary's Kitende kwa vizazi.

Sisi tuna makombe. Katika shule moja mkoani Tanga, ambayo sitaitaja, niliona kombe juu ya kabati la ofisi. Ndani yake mlikuwa na funguo za bweni, kalamu nyekundu na betri mbili za redio zilizovuja. Kibati cha chini kimeandikwa MABINGWA WA MKOA. Mwaka umekwaruzwa, inaonekana 198 na tarakimu ya mwisho haisomeki. Nikauliza walimfunga nani. Mwalimu wa michezo, kijana mchangamfu aliyehamia muhula uliopita, akacheka: "Dada, mimi mwenyewe nilidhani ni kombe la kwaya." Aliyemtangulia alihamishiwa wilaya nyingine, wa kabla yake alihamishwa pia. Uhamisho wa walimu una sababu zake na sina ugomvi nao wote, lakini mwalimu wa hisabati akihama anaacha silabasi. Wa michezo akihama haachi hata orodha ya kikosi.

Daftari la kaunta kwaya mbili linatosha. Majina, nafasi, tarehe, uwanja, matokeo, na sahihi ya mwalimu anayekabidhi na anayepokea, kama tunavyofanya kwa magodoro na majembe. Mkuu wa shule asisaini uhamisho wa mwalimu wa michezo kabla hajaliona.

Na kwa kuwa madaftari ya nyuma hayapo, ombi langu ni kwa wasomaji waliocheza UMISSETA kabla haijasimamishwa. Niandikieni kupitia dawati la michezo la gazeti hili: shule, mwaka, kikosi mnachokikumbuka, mechi mlizoshinda na hasa mlizofungwa. Wa Tanga waanze na ile fainali ya mkoa ya miaka ya 1980, maana kuna kombe linalosubiri kujua lilishindwa mwaka gani.