Wageni wa Meli na Waongoza Watalii Wetu

Meli za kitalii zitiapo nanga Kilindini, aghalabu abiria hupakiwa katika mabasi waliyolipia melini, wakazungushwa mjini na kurejeshwa. Nashikilia kwamba familia itakayoshinda Mombasa siku moja yafaa ijitafutie mapema mwongoza watalii mwenyeji. Huyo ndiye atakayewaeleza watoto kwamba jina la barabara ya Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, si kosa la tahajia: kwa Kimvita, "ndia" ndiyo "njia". Ndiye pia atakayewatembeza ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, bila kuwaharakisha.

Wapo wanaohofia kuachwa na meli. Hofu hiyo ina msingi: kwa kawaida meli husubiri basi lake likichelewa, lakini haimsubiri aliyejiendea. Kwa hivyo, waongoza watalii wetu hawana budi kuuheshimu wakati. Wageni wawe bandarini muda wa saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga, wala wasivushwe Likoni alasiri. Bei nayo iandikwe mapema, isibadilishwe njiani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila atakayepona ni mwenyeji anayeaminika.