Paybill Moja, Foleni Mia

Wasee, hebu tufanye hesabu pamoja. Umepata kazi. Si kazi kubwa, ni ile ya kwanza, ya kukutoa kwa mathee. Unaambiwa ulete cheti cha tabia njema kutoka DCI, cheti cha ushuru kutoka KRA, cheti cha HELB, fomu ya EACC na ripoti ya CRB. Weka CRB kando, hizo ni kampuni binafsi. Hizo nne zingine ni za nani? Za serikali. Serikali moja, yenye rais mmoja.

Sasa chukulia kazi yenyewe ni ya wizara ama kaunti. Ona vile inakaa: ofisi ya serikali inakutuma kwa ofisi nyingine ya serikali ukaulize kama una makosa huko, ulipie hilo swali kwa mfuko wako, halafu urudi na jibu ndani ya bahasha. Yaani wewe ni boda wa serikali. Tofauti ni kwamba boda hulipwa.

Na kila mwaka tunaambiwa serikali imeenda dijitali.

Wacha niwape haki yao kwanza. Kabla ya Huduma Centre ya kwanza kufunguliwa Nairobi mwaka wa 2013, wazazi wetu walikuwa wanazunguka mji mzima, jengo hili kwa kitambulisho, jengo lile kwa leseni. eCitizen nayo ikaja, na mwaka wa 2023 maelfu ya huduma yakaingizwa humo kwa mpigo. Leo unaweza kuomba kusajili jina la biashara ukiwa kitandani saa sita usiku. Anayesema hakuna kilichobadilika anadanganya.

Lakini angalia ni nini kilichounganishwa kwanza. Pesa. Namba ya kulipia ni moja, 222222. Pasipoti, leseni, cheti cha tabia njema, zote zinapitia hapo, na huwa unaongezewa finje juu eti ya kukurahisishia mambo. Mwaka wa 2024 walitaka hata karo ya shule za kitaifa ipitie humo, hadi Mahakama Kuu ikakataa mwaka wa 2025.

Kwa hivyo msiniambie kuunganisha ofisi ni ngumu. Tumeona ikifanyika. Ukilipa, serikali ni moja. Ukiomba kitu, serikali inageuka ploti yenye vyumba mia na hakuna mpangaji anayemjua jirani yake.

Chukua kitambulisho. Umefika miaka 18, unaenda kuomba ID. Unaulizwa cheti cha kuzaliwa. Nani alikitoa? Serikali. Unaulizwa nakala za vitambulisho vya wazazi. Nani alivitoa? Serikali. Ofisi inayosajili watoto wakizaliwa na ile inayotoa vitambulisho ziko chini ya idara moja, ya uhamiaji na huduma kwa raia. Idara moja inakutuma utoke nje, upige fotokopi ya karatasi yake, urudi uionyeshe karatasi yake.

Wengine wetu tunacheka. Kuna wenzetu hawacheki. Wanubi wa Kibra na vijana wa kaunti za mpakani kama Garissa na Wajir kwa miaka mingi walipitishwa mbele ya kamati za kuwapiga msasa kabla ya kupata ID. Rais alitangaza Februari 2025 kwamba huo msasa umekwisha. Sawa. Lakini kila mara mfumo unapokuambia uthibitishe kile inachokijua tayari, anayeumia zaidi ni yule ambaye babake hakuwahi kuwa na karatasi. Bila ID huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, hupigi kura. Hapo si suala la usumbufu tena. Ni suala la kama unahesabiwa kuwa mtu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, natengeneza video. Mwaka jana ofisi moja ya umma, sitaitaja, ilinipa kazi ya kutengeneza video fupi ya kueleza vijana jinsi ya kutumia huduma zao za mtandaoni. Kazi ya siku mbili. Kabla ya kulipwa nikaambiwa nilete cheti cha biashara, PIN, cheti cha ushuru na nakala ya kitambulisho. Nikawatumia zote kwa imeili saa hiyo hiyo. Wakasema hapana, zinatakiwa ziprintiwe, zipigwe muhuri, na zifungwe ile ya waya pembeni, seti tatu. Makaratasi yalichukua wiki tano. Yule jamaa wa kaunta hakuwa mbaya, alinionea huruma hata. Aliniambia, "Boss, mkaguzi akikuja ataitisha faili, haitishi imeili."

Hiyo sentensi moja inaeleza Kenya kuliko hotuba zote. Walibadilisha tovuti, hawakubadilisha sheria za ndani za ofisi. Mtumishi bado anaogopa kukosa karatasi kuliko anavyoogopa kukuchelewesha, kwa sababu kukosa karatasi kunaweza kumletea barua ya kujieleza, na kukuchelewesha hakumletei chochote.

Na msidhani sheria hazipo. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ilifanyiwa marekebisho: mwajiri haruhusiwi kukuitisha hivyo vyeti isipokuwa anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Maana yake, huwezi kuchomwa elfu moja na hamsini za cheti cha tabia njema ndiyo tu ukapange foleni ya watu mia tatu wanaotafuta nafasi mbili. Soma matangazo ya kazi wiki hii, kisha uniambie ni wangapi wanaifuata.

Katiba nayo, kifungu cha 47, inasema una haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wenye ufanisi na wa haki, na ukinyimwa kitu una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Umewahi kupewa sababu kwa maandishi? Sisi hupewa "system iko chini, rudi kesho".

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika huko chini: "Wewe ndiye unataka serikali ijue kila kitu kutuhusu? Umesahau Huduma Namba?" Sijasahau. Mwaka wa 2019 tuliona wazazi wetu wakipanga laini kuandikishwa, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu hakuna aliyepima kwanza hatari kwa data zetu. Mabilioni yakaenda. Na Julai 2023 wadukuzi waliiangusha eCitizen, nchi nzima ikaachwa nje ya mlango.

Lakini hiyo inanisaidia mimi, haimsaidii anayetaka tubaki na fotokopi. Kosa la Huduma Namba lilikuwa kutukusanya upya, kana kwamba hatukuwahi kusajiliwa, na kufanya hivyo kabla ya ulinzi. Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3 hivi, ilianza njia nyingine mwaka wa 2001. Kila ofisi inabaki na data yake, hakuna ghala moja kubwa. Ofisi ikihitaji kitu inaiuliza ofisi nyingine kupitia njia salama, swali linaandikwa, na raia anaweza kuingia kuona ni nani aliyechungulia rekodi zake. Sheria yao hairuhusu serikali kukuuliza mara ya pili kile ulichokwisha kuipa.

Linganisha na fotokopi ya ID yako. Iko wapi sasa hivi? Kwa mlinzi wa jengo fulani. Kwa saiba ulikoskani mwaka juzi. Hiyo ndiyo faragha mnayotetea?

Madai yangu ni matatu. Moja: iandikwe kwenye sheria kwamba ofisi ya umma hairuhusiwi kuniitisha karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine ya umma. Ziulizane zenyewe, na mimi nione nani ameuliza. Mbili: ukipitisha siku ulizobandika mwenyewe kwenye ule ubao wa huduma ukutani, unirudishie pesa yangu bila mimi kuomba. Tatu: mlango wa kaunta ubaki wazi na uwe bure, kwa sababu shosho wa Turkana asiye na simu janja leo anamlipa kijana wa saiba ili serikali imhudumie.

Hatuhitaji kungoja uchaguzi kuanza. Ukinyimwa kitu ama ukizungushwa, andika imeili fupi: "Naomba sababu kwa maandishi, kifungu cha 47." Wakinyamaza, peleka kwa Ombudsman, malalamiko huko ni bure. Ukitaka kujua ombi lako limekwama wapi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Yule jamaa wa kaunta aliniambia mkaguzi huitisha faili. Basi tujaze hiyo faili na barua zetu.

Wewe ulizungushwa na karatasi gani? Andika hapa chini, taja karatasi na siku ulizongoja. Nitazikusanya zote, niziprinti, nizipige muhuri, nizifunge ile ya waya pembeni, na nizipeleke bungeni seti tatu.