Kitufe kinachokusuta: Kwa nini tunaona aibu kusema 'hapana' kwenye simu?

Uko zako Kibeta, Bukoba, unasubiri boda. Unafungua tovuti, mara linaibuka tangazo la punguzo. Kitufe kikubwa cha kijani kinasema: "Ndiyo, nataka." Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu: "Hapana, napenda kupoteza hela."

Hayo maneno yamepangwa. Hawakukatazi kukataa, ila ukitaka kukataa lazima kwanza ujiseme vibaya. Muuzaji sokoni akikujibu hivyo, unaondoka. Kwenye simu tunabonyeza tu yaishe.

Mwingereza Harry Brignull alianza kuorodhesha mitego ya aina hii mwaka 2010. India ilienda mbali zaidi: miongozo yake ya Novemba 2023 ilitaja mitego 13 iliyopigwa marufuku, na kumwaibisha mteja ni mmojawapo.

Kwetu, aibu inauma zaidi kwenye mikopo ya mtandaoni. Unabonyeza "Kubali" haraka, programu inachukua majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, meseji zinaenda kwa bosi, mama mkwe, hadi mwenzako wa kikoba. Aibu iliyoanzia kwenye kioo cha simu sasa iko mtaani.

Mamlaka zimechukua hatua. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu waliopatikana kupitia wengine, kisha kuwatumia vitisho.

Lakini hatua hizo zinakamata aibu ikiwa imeshafika mwisho, kwenye deni. India imeikamata mwanzoni, kwenye kitufe. Tanzania tayari ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume ya kuisimamia, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Kwa sasa, kabla hujakopa hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ikiomba kuona majina kwenye simu yako, ikatalie. Na kitufe kikikusuta, jiulize: kama ofa ni nzuri kweli, mbona inahitaji kunitukana?