Bao Litoke Barazani Liingie Mashindanoni

Kila ifikapo Tamasha ya Utamaduni ya Lamu, gumzo huwa ni mbio za punda, mashindano ya kuogelea na ya vyombo vya tanga. Bao nalo limo katika orodha ya mashindano hayo, lakini habari zake huishia pale pale lilipochezewa. Jambo hili lataka kutazamwa kwa makini, kwani mwambao wetu una wachezaji wa bao tele. Kutoka Lamu mpaka Mombasa, na ng'ambo hadi Unguja, ni nadra kupita mtaa wa kale usione ubao na kete. Basi kwa nini wachezaji ni wengi na washindani ni wachache?

Jawabu ni kuwa kucheza barazani ni jambo moja, na kushindana ni jambo jingine. Mtu hatoki katika hili akaingia katika lile ila awe na ngazi ya kupandia, nasi ngazi hiyo hatujaijenga.

Tutazame baraza lilivyo. Watu wametoka msikitini baada ya Alaasiri, ubao umewekwa, wawili wanacheza na kumi wanatazama. Mtazamaji hunyoosha kidole, mwingine humzomea, wa tatu humfundisha mchezaji hata hajaombwa. Aliyefungwa huinuka na mwingine hukaa. Ndio utamu wa baraza wenyewe, wala hapana haja ya kuubadili. Lakini mchezaji aliyelelewa hivyo, siku aingiapo mashindanoni, hukuta mambo matatu asiyoyazoea: kimya, saa na hakimu. Hapo akili iliyokuwa ikisaidiwa na macho ya watu kumi hubaki peke yake, na mkono ukaanza kutetemeka.

Hatua ya kwanza, basi, ni kanuni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Huanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 zilizosalia huwa mkononi. Kwanza hunamua mpaka kete za mkononi zimalizike, kisha huingia katika mtaji. Hayo hayana ubishi. Ubishi huzuka juu ya nyumba: yaweza kuchezwa lini, huvunjika vipi, na mwenye kutakata amewekewa mpaka gani. Kila mji una desturi yake, na mara nyingine kila mtaa. Barazani mzee mmoja hukata shauri na mchezo ukaendelea. Mashindanoni ubishi kama huo hula nusu saa, na mgeni aliyefungwa hurudi kwao akisema amedhulumiwa. Yafaa wenye kuandaa mashindano waandike kanuni zao katika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, waipeleke mitaani mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Mtu hawezi kujitayarisha kwa sheria atakayoisikia asubuhi ya mashindano.

Hatua ya pili ni kuwapanga wachezaji kwa madaraja. Watoto wetu huanza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na nyumba haipo. Kutoka hapo mpaka kukaa mbele ya fundi ni safari ya miaka. Tukimtia mwanagenzi katika kundi moja na fundi wa miaka 40, tutakuwa tumemfukuza kwa adabu. Na wawe na mashindano yao watoto, na yao wanagenzi, na mafundi wabaki na yao. Wasichana nao wasisahauliwe. Baraza ni la wanaume, lakini ubao waweza kuwekwa shuleni au nyumbani, na akili ya hisabu haikugawiwa wanaume peke yao.

Hatua ya tatu ni mpango wa michezo. Kwa kawaida watu hupenda mtoano, kwa sababu huisha upesi. Lakini fikiri: wakiingia wachezaji 16, wanane watatoka katika duru ya kwanza tu. Kijana aliyepanda mashua kutoka Faza au Siyu atacheza mara moja kisha arudi kwao. Amejifunza nini? Wakiwa wanane, na wacheze wote kwa wote: yatakuwa mapambano 28, na kila mmoja atapambana mara saba. Wakizidi hapo, tuazime mpango wa wacheza sataranji, ambao mshindi hukutanishwa na mshindi mwenzake, na aliyeshindwa na aliyeshindwa, wala hapana anayetolewa. Kwa watu 16 na duru tano, ni mapambano 40, na kila mtu huondoka na funzo. Na kila pambano liwe mabao mawili, kila mmoja aanze mara moja, ili asiwepo wa kusingizia kuanza.

Hatua ya nne ni mazoezi ya kimya na ya saa. Hili laweza kufanyika mtaani bila gharama kubwa. Siku moja kwa juma, watazamaji wakubaliane kufunga vinywa. Atakayeshika kete, na aicheze. Na iwepo saa, hata iwe ya simu, kila mchezaji apimiwe muda wake. Juma la kwanza watu watacheka, la pili watazoea.

Wako wazee wasemao kuwa saa na hakimu vitaua utamu wa bao. Hoja yao si ya kupuuzwa, lakini na watazame baharini. Nahodha avuaye kila siku ndiye huyo huyo ashindanaye siku ya tamasha. Mashindano ya tanga hayakuua uvuvi wala hayakuondoa soga za pwani. Yamewafanya vijana watake kujua kamba na tanga. Baraza litabaki baraza, na mashindano yatakuwa pahali pengine pa kupimana.

Tena hatutakuwa wa kwanza. Wakazaki, ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu, wana mchezo wao wa mashimo na kete uitwao togyzkumalak, wenye mashimo tisa kila upande na kete 162. Wamewatungia wachezaji wao kanuni moja na wakaufanya mchezo wa mashindano ya mataifa. Mwaka 2020 Kazakistani, Kirigizistani na Uturuki ziliungana, na michezo yao ya jamii hii ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Waturuki huuita wao mangala, jina linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha, ambalo nasi tunalo katika kunakili. Na bao letu, ambalo wajuzi wa michezo hii hulihesabu kuwa miongoni mwa ile migumu kabisa, halipungukiwi na chochote ila mpango. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya mafundi wa bao wa Unguja. Mgeni ameandika, je, mitaani mwetu kuna daftari gani? Fundi akifariki, mitego yake yote huzikwa naye, kwa kuwa hapana aliyeiandika.

Limesalia jambo ambalo mzazi Mwislamu hataacha kuliuliza: mchezo huu una hukumu gani? Katika madhehebu yetu ya Shafii, Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni aliyefariki Makka katika karne ya 16, aliutaja mchezo wa mashimo katika kitabu chake Tuhfat al-Muhtaj. Alipambanua kati ya mchezo unaotegemea hisabu na fikira, ambao hakuuharamisha, na ule unaotegemea bahati ya kinachorushwa. Bao halina dado. Lakini ruhusa hiyo haina maana kuwa kila kinachoambatana na bao ni halali. Mchezo ukimpitishia mtu swala, au ukamtoa matusi, dhambi ipo pale pale.

Hatari kubwa ya mashindano ni fedha. Wachezaji 16 wakitoa kila mmoja shilingi 200, kisha mshindi akazichukua zote 3,200, hiyo ni kamari hata ikiitwa kiingilio. Mashindano yetu mengi yanaweza kuharibika hapa, na wazazi wakawa na haki ya kuwazuia watoto wao. Njia salama ni zawadi itoke kwa mtu wa nje asiyecheza, na mchango wa wachezaji, ukihitajika, uwe wa chai na gharama tu, uandikwe na uonyeshwe. Na hata hivyo sheikh aulizwe mapema, kabla ya matangazo kubandikwa. Ratiba nayo iheshimu adhana: duru zianze baada ya Alaasiri na zikome kabla ya Maghribi, na Ijumaa iachwe.

Haya yote hayahitaji jengo wala fedha nyingi. Kila mtaa una ubao, una komwe, na una angalau mzee mmoja ambaye vijana humwita fundi. Kilichokosekana ni daftari, siku maalumu na mtu wa kusimamia. Mzee huyo akabidhiwe kazi ya uhakimu, hata kama macho yake hayamruhusu tena kushindana, kwani kijana hukubali kwa fundi hukumu ambayo angeipinga kwa mwingine. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vijana wetu hawajapewa nafasi ya kushindwa vizuri, mara nyingi, mbele ya watu, na kurudi tena. Wakipewa hiyo kuanzia juma hili, tamasha ijayo haitakuwa na uhaba wa washindani.